Kumshauri mambo ya kazi mtoto ambae kwao ni wachache: kwa walimu wa ushauri nasaha Unguja na Pemba

Hii nawaandikia walimu wenzangu mlopewa kazi ya ushauri nasaha skuli, khasa nyie ambao hamkuisomea, mmepewa tu kwa kuwa watoto wanakupendeni na mna subira ya kuwasikiliza. Mambo ya kazi na masomo mara nyingi tunayasema siku moja tu kwa mwaka, tena watoto wote kwa pamoja, anaalikwa daktari na injinia wanaeleza, watoto wanapiga makofi, basi. Lakini humo humo darasani wamo ambao ni wachache kwa asili yao au kwa dini yao. Yupo mtoto wa Kimakonde ambae wazee wake walikuja kufanya kazi mashambani miaka hiyo, yupo wa Kingazija, wa Kihindi alobaki peke yake darasa zima, mtoto wa askari kutoka Usukumani, Mkristo katikati ya Waislamu watupu, mtoto wa Kojani au Tumbatu aloletwa mjini kwa shangazi yake na kila akifungua mdomo wenzake wanamcheka anavosema. Hawa maneno ya ukumbini yanawapita juu, mana wakimtizama yule mgeni hawaoni hata kimoja kinachofanana na kwao.

Neno langu kubwa ni moja tu, na mengine yote hapa chini yanalifuata hilo: usimpangie mtoto kazi kwa kulitizama jina la ukoo wake. Tunafanya sana, tena kwa mapenzi. Mpemba tunamuona dukani, Mtumbatu baharini, Mmakonde kwenye ulinzi au kuchonga vinyago, Muhindi kwenye hesabu, wa bara jeshini. Mtoto akishaambiwa hivo mara tatu nne na mtu anaemuheshimu basi anaanza kuamini, na hata akiwa na akili ya fizikia hasemi.

Kabla hujamuita mtoto

Jifanyie jaribio dogo peke yako. Chukua daftari la mahudhurio, pita jina moja moja, na pembeni andika kwa haraka kazi ya mwanzo inayokujia kichwani kwa kila jina, usifikiri sana. Ukimaliza soma ulichoandika, halafu jiulize wangapi umewaandikia kwa alama zao za mtihani na wangapi kwa jina tu. Karatasi ichane, isije ikaonekana na mtu. Lakini majina yale ulowaandikia bila ya kufikiri yakumbuke, hao ndo wa kuanza nao.

Hili la kujitizama mwenyewe mwanzo sikulitoa kichwani kwangu. Mwaka 1992 wataalamu wa ushauri nasaha Marekani waliandika viwango vya kumshauri mtu wa asili tofauti na yako, wakaviweka katika sehemu tatu: ujue fikra na upendeleo wako wewe, uijue dunia ya yule unaemshauri, halafu ndo utafute njia inayomfaa yeye. Na hata kazi yenyewe ya kuwashauri vijana juu ya ajira, ofisi ya mwanzo ilifunguliwa Boston mwaka 1908 katika nyumba ya kuwasaidia wahamiaji, watu waliofika mji wa watu hawana mtu wa kuwaonesha njia. Kwa hiyo tokea siku ya kwanza kazi hii ni ya kuwatizama walio wachache, sio kitu cha kuongeza mwisho ukipata nafasi.

Usiulize kabila

Kwetu suala la kabila lina uzito wake, na wewe unajua kwanini. Wakati wa ukoloni watu walihesabiwa kwa rangi na kabila, sensa ya 1948 ilifanya hivo, na wakati wa vita vya pili vya dunia hata mgao wa chakula ulitizama rangi ya mtu. Halafu yakaja mapinduzi ya 1964, na hakuna nyumba ambayo haina lake la kusimulia, nyengine husimulia na nyengine hunyamaza kabisa. Sensa zetu za sasa haziulizi kabila. Sasa mwalimu ukimkalisha mtoto wa miaka kumi na sita ukaanza na "wewe kabila gani?" ushamfunga mdomo, atakwambia "Mswahili" au "Mzanzibari" na mazungumzo yameisha hapo.

Uliza maisha yake. Masuala ambayo mimi nayaona yanafungua ni kama haya: Nyumbani unakaa na nani? Jambo kubwa likitokea, nani akisema linafuatwa? Katika jamaa zako wote, wa huku na wa mbali, nani ana kazi ambayo ukiiona unaipenda? Ukitoka skuli mpaka usiku unafanya nini? Msimu wa karafuu unakuwa wapi? Kuna kazi ambayo ukiitaja nyumbani watakataa? Na ukifaulu ukapata nafasi ya kusoma mbali, nani atafurahi na nani ataingia khofu? Hili la mwisho linatoa mengi sana, mana mtoto mara nyingi hakatai kusoma, anaogopa tu bibi yake atabaki na nani.

Akikutajia asili yake mwenyewe, pokea, msikilize kwa adabu, usishangae na usimwambie "ah, kumbe!". Na usimgeuze mwalimu wako wa mila za kwao, akaja kukusomesha yeye.

Pahala pa kukaa pia pana maana. Ofisi ya walimu haifai, kila mtu anapita na masikio yake. Kaa barazani au chini ya mti ambapo mnaonekana lakini hamsikiki, na kama mwalimu ni mwanamme na mwanafunzi ni wa kike basi ndo zaidi, au mwite na mwalimu wa kike akae karibu. Mtoto mgeni wa mji mwache azungumze kwa lafudhi yake, usimsahihishe. Kizungu mtakifanya siku nyengine, mana skuli tunasomesha kwa Kiingereza na wengi wanajiona hawana akili kumbe ni lugha tu imewabana.

Na tizama kalenda kabla ya kupanga. Wakati wa kuchuma karafuu Pemba watoto wanakuwa mashambani na usiku wanachambua makonyo, wavulana wa vijiji vya uvuvi wanafuata wazee dago (kambi ya uvuvi) wakakaa huko wiki kadhaa, Ramadhani alaasiri mtu kachoka na nyumbani futari inamsubiri. Ijumaa unaijua. Jumapili asubuhi nayo usiweke, yule mtoto wako mmoja Mkristo yuko kanisani, na akikosa semina utasema hana hamu. Mtoto asokuja usimuandike mtoro kabla hujajua alikuwa wapi.

Alichonacho kwao ni elimu, lakini sio kamba

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo tunapokosea pande zote mbili. Kuna mwalimu ambae anaona kwao mtoto hakuna kitu, wazee hawajasoma, anamwambia "wewe soma uondoke kwenye hayo maisha", na mtoto anaanza kuwaonea haya wazee wake. Na kuna mwengine anapenda mila mpaka anamwambia mtoto wa mvuvi asome uvuvi tu. Vyote viwili vinamnyima mtoto.

Kijana alokwenda dago na baba yake anajua bamvua na maji mafu, anajua kaskazi na kusi, anajua samaki gani anakaa wapi na mwezi gani, anajua kugawana mapato ya chombo bila ya ugomvi. Mwambie hayo kwa jina lake kwamba ni ujuzi, kwa sababu yeye anadhani ni maisha tu. Halafu mfungulie yanakoweza kwenda: sayansi za bahari (taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mambo ya bahari ipo hapa hapa Unguja), unahodha na ufundi wa meli, ufugaji wa samaki, majokofu na usindikaji, hata sheria za bahari. Serikali ina wizara nzima ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi tokea 2020, kazi zipo zinatafuta watu ambao bahari hawakuisoma kwenye karatasi peke yake.

Mtoto ambae mama yake analima mwani, hivo hivo. Kilimo hichi cha biashara kilianza upande wa mashariki ya Unguja mwaka 1989 na wengi wanaokifanya ni kina mama. Binti alokuwa anafunga mwani kwenye kamba na mama yake anajua kwanini mwani unakufa maji yakipata joto, anajua bei inavoshuka mnunuzi akiwa mmoja. Hiyo ni baiolojia na ni uchumi. Mtoto wa duka ashafanya uhasibu miaka mitano bila ya cheti. Mtoto alokaa na babu yake anachonga mpingo ana mkono na jicho la kuchora ambalo mafundi wa samani na wachoraji wa majengo wanalilipia ada.

Lakini ukishamuonesha hayo, mwachie. Muulize: "Haya ndo nnayoyaona mimi kwako, wewe mwenyewe unapenda nini?" Na akisema anataka kuwa nesi, au rubani, au mwanasheria, na babu yake ni mchongaji, basi mazungumzo yanahamia kwenye unesi, mnaangalia baiolojia na kemia yake ikoje, mnaangalia nini kinakosekana, na ule uchongaji unabaki kuwa kitu chake cha fahari tu. Mtoto wa Kihindi akitaka ualimu usimwambie "wewe si una duka". Mtoto wa Kimakonde akitaka udaktari usianze na "itakuwa vigumu lakini". Anza na alama zake kama unavoanza kwa mwengine yeyote.

Wazee

Kwetu mtoto hachagui kazi peke yake, na sioni kuwa hilo ni baya. Ushauri unaomwambia kijana "fuata moyo wako tu" unamgombanisha na watu ambao ndo watakaolipa nauli ya boti. Kwa hiyo lazima uende nyumbani, na uende vizuri.

Kama mtaa huujui pita kwa Sheha mwanzo ujitambulishe, lakini usimueleze mambo ya mtoto, mwambie tu wewe ni mwalimu unatembelea wazee. Piga hodi, salimia mkubwa kwa mdogo, kama ni familia ya Kikristo shikamoo na hujambo zinatosha, usilazimishe salamu isokuwa yao. Ukikaribishwa chai kunywa. Usianze na jambo lako, anza na kumsifu mtoto kwa kitu cha kweli ulichokiona, alama au tabia. Na jua nani anaeamua, mana unaweza ukazungumza na baba saa nzima kumbe neno ni la mjomba alioko Mombasa au la bibi aliekaa kimya ukutani anasuka ukili.

Tuchukue mfano wa hoteli, mana ndo ugomvi mkubwa pwani yote kuanzia Nungwi mpaka Paje. Binti anataka kusoma utalii, baba hataki. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwalimu, mimi mtoto wangu wa kike akauze ulevi? Sitaki."
"Sikulaumu mzee wangu, mimi mwenyewe nina binti. Hebu nikuulize, pale hotelini unajua kuna nani na nani wanafanya kazi?"
"Si wahudumu."
"Wahudumu wapo, lakini kuna mtu wa mahesabu, kuna anaenunua mboga na samaki kwa wavuvi wetu, kuna wa kompyuta, kuna fundi wa maji, kuna anaepokea simu za wageni. Hapo ipo ambayo ungeridhika nayo?"
"Mahesabu... hapo tunaweza kuzungumza."

Tizama, hukumwambia kuwa fikra zake ni za zamani wala hukuahidi kuwa ulevi hatouona. Umeligawa jambo likawa vipande, na kimoja kikakubalika. Kama hakuna kilichokubalika, shukuru, ondoka, rudi mwezi unaofuata. Ila kama ni posa imekuja na mtoto yuko fomu thrii na hataki, hapo usingoje mwezi unaofuata, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo mkashughulike kwa njia zinazojulikana, mana hilo si ushauri wa kazi tena.

Karatasi, na hapa usicheleweshe

Nimeona ndoto nyingi zikikwama kwenye karatasi kuliko kwenye mtihani. Mtoto wa familia iliyokuja kutoka mbali mara nyingi jina lake liko namna tatu: cheti cha kuzaliwa lipo hivi, skuli aliandikishwa kwa jina jengine ili afanane na wenzake, na nyumbani anaitwa vyengine kabisa. Mtihani wa fomu foo ni wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), huo huo wa bara na visiwani, na jina litakaloingia kule ndo litakalomfuata kwenye vyuo na mikopo maisha yake yote. Kwa hiyo fomu tuu au mwanzo wa fomu thrii mwambie kila mtoto alete cheti, linganisha herufi kwa herufi na rejista, na palipo tofauti mpeleke mzazi kwenye ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ya wilaya yenu mapema. Akifika miaka kumi na nane kuna kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na cha NIDA. Mtoto yatima cheti cha kifo cha mzazi kitafutwe sasa hivi, bodi za mikopo zitakitaka.

Kuna jambo zito zaidi. Wapo hapa kwetu wenye asili ya Msumbiji, Burundi na Komoro ambao wamekaa vizazi na vizazi bila ya uraia ulokamilika, na serikali imeanza kulishughulikia miaka ya karibuni. Tusione ni mambo ya watu wengine, jamaa zetu Wapemba waliohamia pwani ya Kenya waliishi vivo hivo miongo kadhaa, watoto wao wanasoma wanafika pahala wanakwama kwa kukosa kitambulisho, mpaka 2023 Kenya ilipowatambua. Ukimgundua mtoto wa hali hiyo usimwambie mwalimu mwengine kwa mazungumzo, usiandike kwenye daftari la darasa, na usiahidi chochote. Zungumza na mlezi wake peke yake, muelekeze ofisi inayohusika, na kama ataka umsindikize, nenda nae.

Njia zenyewe ziko wapi

Hapa sitosema sana, mana kila mwaka masharti yanabadilika na lazima uulize chuo chenyewe. Ila mwonyeshe mtoto njia zaidi ya moja. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali (yaani ufundi wa kazi) ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa Unguja, na Vitongoji na Daya Mtambwe kwa Pemba. Kuna Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kwa mambo ya ufundi na uhandisi. SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) ina kampasi kubwa Tunguu, utalii Maruhubi, na Pemba ipo Mchanga Mdogo. Bweleo kuna kampasi ya IIT Madras ya India iliofunguliwa 2023, kwa wale wenye hesabu kali. Mikopo ya elimu ya juu iko bodi ya Zanzibar na iko HESLB, bodi ya Tanzania, masharti yao si mamoja, soma yote mawili na mtoto akiwepo. Na tafadhali amali usimuelekeze mtoto wa wachache tu huku wale wengine unawaambia fomu faivu. Ukitaja amali, itaje kwa darasa zima.

Kumuonesha mtu

Mtoto anahitaji kumuona mtu wa kwao alofika. Nesi wa Kimakonde, mwalimu wa Kojani, mhasibu alotoka kwenye familia ya wachukuzi wa bandarini, tafuta, wapo, uliza hospitali, uliza bandarini, uliza kwenye grupu la WhatsApp la walimu. Mkutanishe nae kwa utulivu, nusu saa inatosha. Halafu mkutanishe na mwengine ambae si wa kwao lakini yumo kwenye kazi anayoitaka, asije akadhani mlango wake ni ule mmoja tu wa watu wake. Usimpandishe mtoto jukwaani kuwa mfano wa kabila lake, na huyo mgeni pia usimtambulishe kwa kabila, mtambulishe kwa kazi yake.

Akikuuliza "mwalimu, watanichukua kweli mtu kama mimi?" usimwambie hakuna ubaguzi, anaujua ulivo kuliko wewe. Mwambie kweli: utakutana na watu wazuri na utakutana na mmoja wawili watakaoangalia jina lako. Kisha mfundishe la kufanya. Barua ya maombi abaki na nakala, siku alokwenda aandike, nani kamwambia nini aandike, akikataliwa aombe jibu la maandishi, na akiona kadhulumiwa arudi kwako mutizame pa kulipeleka. Fanyeni mazoezi ya intavyuu, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza, na suala la "kwenu wapi?" muulize makusudi ili ajizoeze kujibu kichwa kikiwa juu.

Baada ya hapo

Weka daftari lako la siri, ukurasa kwa kila mtoto: anachopenda, anaeamua nyumbani, karatasi inayokosekana, hatua ya mwisho mlofikia. Matokeo yakitoka mpigie simu mwenyewe, usisubiri aje, mana aloanguka haji, na yule ambae kwao hakuna aliewahi kufika hapo hajui kama anaweza kurudia mtihani au kuanza na cheti cha amali akapanda taratibu mpaka diploma. Zungumza na mzazi wiki hiyo hiyo kabla hajatafutiwa kibarua. Na ukihamishwa skuli, muulize kila mtoto kipi anaridhia akijue mwalimu anaekuja, hicho ndo mwachie mwenzio, yaliobaki ondoka nayo.